Kilemba cha Fundi: Vipi Wazee Wetu Walimjua Fundi wa Maji wa Kuaminika



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, makala yetu ya leo ni ya historia, lakini tunaianza na aibu yetu wenyewe, kwani historia isiyomgusa anayeisimulia huwa ni hadithi tu ya kupitisha wakati.

Miaka kadhaa iliyopita, wiki mbili kabla ya Ramadhani, sisi wa kamati ya msikiti tuliamua kubadilisha mabomba ya mahali pa kutilia udhu. Mabomba ya chuma yalikuwa yameliwa na kutu, na koki tatu kati ya nane hazitoi kitu. Palikuwa na kijana wetu tuliyesali naye safu moja, mtoto wa watu, mwenye adabu zake, na ilijulikana kuwa "anafanya kazi za bomba". Mmoja wetu akasema, "Huyu ni kijana wetu, hodari, tumpeni." Sote tukaitikia. Hakuna aliyeuliza amefunza kazi kwa nani wala amefanya kazi nyumba ya nani. Kazi ikamalizika kwa siku nne, ukuta ukapigwa plasta siku ile ile, na sisi tukamsifu mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa.

Kumi la pili la Ramadhani halijaisha, ukuta wa jirani yetu, mama mjane, ukaanza kutota. Rangi ikabambuka, kisha plasta. Bili ya maji ya msikiti ikaja mara tatu ya ile ya kawaida. Tulipomwita kijana alikuja mara moja, akagusa hapa na pale, kisha simu yake ikawa haipatikani. Zaidi ya hayo, hatukumwona tena msikitini. Tulipoteza fedha za waumini, tukamdhuru jirani, na tukampoteza kijana. Hili la tatu ndilo lililotuuma zaidi.

Alipokuja mzee mmoja fundi wa zamani kuufungua ule ukuta, alituonyesha maungio mawili yaliyokuwa yakitiririka taratibu. Hakumtukana kijana. Alituuliza swali moja tu: "Huyu alifunzwa na nani?" Tukatazamana. Swali hilo ndilo lililotupeleka kwenye vitabu na kwa wazee, nasi tukagundua kuwa Waislamu waliotutangulia walilijibu kabla halijaulizwa.

NGUVU NA UAMINIFU

Wengi wetu tunakijua kisa cha Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan na kuwanyweshea wanyama wale mabinti wawili kisimani. Mmoja wao alimshauri baba yake amwajiri mgeni yule, naye akataja sifa mbili za mtu afaaye kuajiriwa: awe na nguvu, na awe mwaminifu. Maulamaa wameeleza kuwa nguvu katika kila kazi ni uwezo wa kazi hiyo. Nguvu ya hamali ni mwili wake, nguvu ya hakimu ni elimu yake, na nguvu ya fundi ni ujuzi wa mikono yake. Ikikosekana moja katika sifa hizi mbili, nyingine haitoshi. Fundi stadi asiye mwaminifu atakuibia, na mwaminifu asiyejua kazi atakubomolea nyumba huku akikuombea dua.

Tutazame Hijra, mwaka 622. Mtume (s.a.w.) na Sayyidna Abubakar (r.a.) walipotaka kutoka Makka walimwajiri Abdullah bin Urayqit awe kiongozi wa njia. Mtu huyu wakati ule alikuwa bado yuko katika dini ya Makureshi. Walimkabidhi ngamia wao wawili na wakaahidiana wakutane naye kwenye pango la Thawr baada ya siku tatu. Huku nyuma Makureshi walikuwa wametangaza zawadi ya ngamia mia. Neno moja tu kutoka kinywani mwake lingemtajirisha, lakini alikuja kwa miadi akawapitisha njia ya pwani mpaka Madina. Aliajiriwa kwa sababu alikuwa anaijua njia na amana yake ilijulikana. Sisi tulimwajiri kijana wetu kwa sababu tulisali naye safu moja. Kusali ni jambo kubwa, lakini hakumfundishi mtu kufunga bomba.

MUHTASIB NA ARIFU WAKE

Miji ya Kiislamu ilipokua, watu wakawa hawajuani tena. Mgeni akihamia Damascus au Cairo angemjuaje fundi mwema? Hapo ndipo ilipopata nguvu kazi ya muhtasib, msimamizi wa masoko na ufundi. Sheikh al-Shayzari, aliyeandika huko Sham katika karne ya 12, ameeleza jambo la busara sana. Anasema kuwa muhtasib hawezi kuzijua kazi zote za watu, basi katika kila kazi na achague mtu mmoja miongoni mwa wenye kazi hiyo, mjuzi wa ufundi wao, mwenye kuzitambua hila zao, na mwenye kujulikana kwa uaminifu. Mtu huyo aliitwa arifu.

Ndugu msomaji, zingatia hekima hiyo. Aliyemkagua fundi alikuwa ni fundi mwenziwe. Asiyejua kazi hudanganyika na ukuta uliopakwa rangi vizuri, lakini mwenye kazi atauliza kuna nini nyuma ya ukuta.

Maji yalikuwa na sehemu yake katika vitabu hivyo vya hisba. Wachukuzi wa maji waliamrishwa waingie ndani ya mto, mbali na ukingo, wasiteke karibu na vyoo wala mahali pa kunyweshea wanyama. Hata kiriba kipya kilikuwa na sharti lake, kwa kuwa ngozi mpya hubadilisha maji.

Na kama fundi ameharibu? Inapokewa kuwa Sayyidna Ali (r.a.) alikuwa akiwatoza dhamana mafundi kama watia rangi na wafua dhahabu kwa vitu vilivyoharibika mikononi mwao, kwa kuona kuwa mambo ya watu hayatatengenea bila ya hivyo. Maulamaa walikhitalifiana katika jambo hili. Wa Kimaliki waliishika rai hiyo, na wengine wakaona fundi hatozwi ila akizembea au akivuka mipaka. Lakini wote waliafikiana juu ya msingi mmoja wa ijara: kazi ijulikane na ujira ujulikane kabla ya kuanza. Ugomvi mwingi tunaousikia leo kati ya mwenye nyumba na fundi unaanzia hapa. Fundi husema, "Tutaelewana tu," na mwenye nyumba hujibu, "Hakuna shida." Shida huja baadaye.

MAFUNDI WA MAJI WA FEZ

Kama kuna mji uliomthamini fundi wa maji, basi ni Fez, huko Morocco. Mto wake uligawanywa kwa mifereji na mabomba ya udongo yaliyopita chini ya vichochoro, yakiingia misikitini, madrasani, hamamuni, kwenye mabirika ya barabarani na ndani ya nyumba. Mfumo huo ulianza kupanuliwa katika zama za Murabitun, karne ya 11. Palikuwa na njia mbili, moja ya maji safi na nyingine ya kutolea maji machafu, na njia hizo hazikutakiwa kukutana.

Sasa fikiria: mabomba yamezikwa, juu yake pana nyumba zilizobanana. Nani anajua bomba la nani linapita wapi? Walikuwepo mafundi maalumu ambao jina lao limetokana na neno qadus, yaani bomba la udongo. Walizijua njia hizo kichwani, na ujuzi huo ulirithishwa kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi. Jirani wawili wakigombana kuwa maji ya fulani yamepungua au uchafu wa fulani umeingia kwa mwenziwe, kadhi aliwategemea mafundi hao wakague na watoe ushahidi wao.

Hebu tulipime jambo hili. Fundi bomba ambaye neno lake linasikilizwa mbele ya kadhi! Mtu kama huyo hakuweza kufanya kazi ovyo kisha akazima simu. Akipoteza uaminifu alipoteza ujira wa siku, na pamoja nao alipoteza heshima iliyojengwa na walimu wake wote waliomtangulia.

VISIMA NA MABIRIKA YA PWANI YETU

Wala tusidhani hayo ni ya Waarabu tu. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipita Mombasa akalala usiku mmoja akielekea Kilwa. Miongoni mwa machache aliyoyaandika juu ya mji wetu ni maji ya misikiti. Alisema kila msikiti ulikuwa na kisima kimoja au viwili mlangoni, maji yakichotwa kwa chombo cha mti chenye mpini wa urefu wa dhiraa moja. Uwanja wa kisima ulikuwa umesakafiwa, na mtu huosha miguu yake kisha akaipangusa kwenye jamvi kabla ya kuingia. Karibu miaka 700 iliyopita, mgeni aliyeiona miji mikubwa ya dunia aliona inafaa kuusifu usafi wetu.

Ukienda Gede, karibu na Watamu, utaona kwa macho yako. Mji huo ulihamwa katika karne ya 17, ukachimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Katika msikiti wake mkuu wa karne ya 15 kipo kisima, upo mfereji wa kupitisha maji, na lipo birika la kutilia udhu. Nyumba za mawe zilikuwa na vyoo vyake. Nako Lamu, katika mabirika ya nyumba, wazee walifuga visamaki wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika wakajengea bakuli la kauri ili maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. Hiyo ni kazi ya mwashi aliyefikiria siku ambayo yeye hatakuwapo.

Waashi hao walitoka wapi? Walitoka mikononi mwa mafundi wengine. Kijana alikabidhiwa kwa fundi, akaanza kwa kuchota maji na kukoroga chokaa, akapanda daraja kidogo kidogo. Siku ya kuhitimu, mwalimu alipewa ada yake, na ada hiyo katika Kiswahili huitwa kilemba. Neno hili limo mpaka leo katika kamusi zetu, kwa maana ya kitambaa cha kichwani, na kwa maana ya malipo anayopewa fundi au kungwi kwa kumfunza mtu. Kutoa kilemba kulimaanisha kuwa yupo mtu anayejulikana, aliye hai, anayeweza kusema: huyu nimemfunza mimi.

MABOMBA YALIPOKUJA

Huko Unguja, kipindupindu cha mwaka 1869 hadi 1870 kiliua maelfu ya watu, na daktari James Christie aliyekuwepo mjini aliandika kitabu juu ya maradhi hayo. Sayyid Barghash bin Said aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na ambaye alikwisha kuishi uhamishoni Bombay, alileta maji ya bomba kutoka chemchemi za kaskazini ya mji mpaka Mji Mkongwe. Katika zama zake pia ilijengwa Hamamni, hamamu ya watu wote, kazi aliyopewa mjenzi Haji Gulamhussein. Mombasa nako, watu walitegemea visima na wachukuzi wa maji, wengi wao Wahadhrami, mpaka maji ya chemchemi za Marere katika vilima vya Shimba yalipoletwa mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye, katika miaka ya 1950, maji ya Mzima kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200.

Ni neema kubwa, lakini yapo mabadiliko ambayo hatukuyatazama. Kisima kilikuwa wazi, kila mtu akikiona. Bomba limefichwa ukutani. Kazi ya mabomba ilijifunzwa katika karakana za serikali na za reli, na wengi wa watoto wetu hawakuwa huko. Wazee waliliona pengo hili. Mwaka 1948 ilianzishwa hapa Mombasa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, maarufu kwa jina la MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa za Bohora na serikali ya kikoloni, ili kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Chuo hicho kikaja kuwa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na leo ndicho Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wazee wale hawakuona haya kuchangisha fedha ili mtoto wa Kiislamu ashike spana. Sisi leo, mtoto akisema anataka kuwa fundi bomba, tunamwuliza amefeli nini.

KILEMBA CHA UKOKA

Waswahili wana msemo: kumvika mtu kilemba cha ukoka, yaani kumpa sifa asizostahiki. Ukoka ni majani. Hukivaa kichwani asubuhi kikapendeza, mchana kimenyauka. Na wakasema pia kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hayo ndiyo tuliyomfanyia kijana wetu. Tulimpa kilemba ambacho hakuna mwalimu aliyekitolea ushahidi, tukamsifu Ijumaa, tukamlaani Ijumaa iliyofuata. Yeye alikosa kwa kukubali kazi asiyoiweza na kwa kukimbia. Sisi tulikosa kabla yake.

Kutokana na historia hii tumejiwekea taratibu, nasi tunawanasihi ndugu zetu wazizingatie majumbani:

1. Ulizeni kwa waliokwisha kumtumia, wasiopungua wawili, na muulize kazi ya mwaka uliopita kuliko ya wiki iliyopita. Bomba bovu halijifichui siku ya kwanza.

2. Mwulizeni amefunzwa na nani au wapi. Hapa Kenya kuna mitihani ya ufundi ya serikali ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, na Tanzania kuna vyuo vya VETA. Cheti ni ushahidi, lakini kiandamane na ushahidi wa watu.

3. Kama hamjui kazi, tafuteni arifu wenu: fundi mwingine mzee, mumlipe kitu kidogo aje kutazama kabla ya plasta. Mabomba yajazwe maji na yaachwe usiku mzima yakiwa wazi kuonekana. Kisha fungeni koki zote na mtazame mita. Ikiwa inazunguka, maji yanavuja mahali.

4. Andikianeni kazi gani, vifaa gani na nani atavinunua, ujira kiasi gani, na fundi atarudi kutengeneza bure kwa muda gani.

5. Kazi ikimalizika vizuri, mlipeni papo hapo. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tusimcheleweshee mfanyakazi ujira wake. Fundi anayezungushwa mwezi mzima hatakuja mbio siku bomba litakapopasuka usiku.

6. Ukiulizwa na jirani juu ya fundi, jua kuwa unatoa ushahidi. Usimsifu kwa udugu wala usimchafue kwa chuki.

Imebaki tumalizie kisa chetu. Ukuta wa mama jirani tuliutengeneza kwa fedha za kamati na tukamwomba radhi. Yule mzee fundi, baada ya kumaliza kazi, alikwenda mwenyewe nyumbani kwa yule kijana. Hatukujua walizungumza nini. Tulichokiona ni kijana akimbebea mzee sanduku la spana, siku baada ya siku, karibu miaka miwili. Alirudi msikitini, mwanzo safu ya nyuma, kisha popote.

Siku mzee aliposema kijana sasa anaweza kusimama peke yake, kamati ilikubaliana kumpa mzee kilemba chake, kitambaa na bahasha, mbele ya watu. Mzee alikicheka kile kitambaa, akasema yeye amezoea kofia. Kisha akamwambia kijana afungue koki moja moja pale pa udhu, zote nane, na sisi tukasimama tukitazama mita.

Wabillahi tawfiq.